Kwako Mama Vidonge, Mkunga wa Wodini na wa Chumba cha Mbele

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumapili ulipotuacha. Kiti chako cha sebuleni hakuna anayekikalia. Wajukuu wakikipita wanapunguza mwendo, kana kwamba bado utawakemea kwa viatu vyao vya matope.

Mikono yako ilinukia sabuni ya hospitali hata siku za mapumziko, na kucha ulizikata fupi mno hadi tukakutania kuwa huwezi kumenya chungwa. Kunong'ona hukujua kabisa. Mambo ya uzazi ambayo wakunga wenzako waliyasema kwa mafumbo, wewe uliyatamka mezani, na Baba akakohoa akijifanya anatafuta chumvi.

Tunamkumbuka pia mdogo wako, Mama Mdogo wetu. Daktari alimwonya kwamba mimba nyingine ingemuua. Akaenda kliniki kuomba vidonge vya kupanga uzazi, akaambiwa arudi na mumewe, maana sheria ya siku hizo ilitaka ridhaa ya mume. Mume akakataa katakata. Mimba ikaingia, na Mama Mdogo akafia mikononi mwako, ukiwa zamu.

Siku ile hukutoa chozi. Ulimwosha mdogo wako, ukawakusanya wanawe, ukaja nao nyumbani.

"Hawa ni wetu," ulimwambia Baba. "Na vidonge nitavitoa, mume awepo asiwepo."

"Watakufukuza kazi, mama watoto."

"Wanifukuze."

Na kweli ukamwaga unga. Hospitali ikakuachisha kazi, majirani wakakupachika jina la Mama Vidonge, na wengine wakikuona wanavuka barabara. Shemeji yako, mume wa marehemu, alisimama mlangoni kwetu akapayuka kuwa unawafundisha wake za watu umalaya. Ulimsikiliza hadi pumzi zikamwishia, ukamuuliza kama amekula. Akageuka, akaondoka zake.

Basi ukajifunga kibwebwe. Chumba cha mbele kikawa darasa. Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mikononi, eti wamekuja kuomba maji. Sisi watoto tulifukuzwa tukacheze nje, lakini vicheko vyenu tulivisikia. Jina walilokupa kwa kejeli ukalifanya lako, mtu akibisha hodi na kuuliza ni kwa nani, unajibu, "Kwa Mama Vidonge, pita!"

Ulikwenda wizarani kudai sheria ile ifutwe, ukarudishwa, ukaenda tena, hadi mlinzi wa getini akawa anakuwekea kiti. Siku wakubwa walipokubali kukusikiliza, hukuongea sana. "Mdogo wangu alikuwa mtu mzima, na mwili ulikuwa wake," ulisema. "Alikuja kuomba uhai, akaambiwa akalete ruhusa." Kisha ukakaa. Baba, aliyekuwa nyuma ya ukumbi, ndiye aliyetusimulia.

Miaka ikapita kabla ya sheria ile kufutwa. Habari ilikukuta jikoni unakata vitunguu, na hapo ndipo ulipomlilia mdogo wako. Mwanzoni tulidhani ni vitunguu. Ulilia hadi Baba akakunyang'anya kisu.

Halafu shemeji yako akaja. Alikuwa amezeeka, kofia mkononi, na hakutaka kuvuka kizingiti.

"Shemeji, nasikia binti yangu anaolewa. Wewe ndiye uliyemlea. Naomba umweleze mambo yale."

"Yapi?"

"Yale niliyokataa kuyasikia, nikamzika mama yake."

Sisi tuliokuwepo hatukujua kama utampokea au utamfungia mlango. Ukamwita binti, ukavuta viti vitatu. "Nitamweleza," ulisema, "lakini nawe utakaa hapa usikie." Akakaa. Ulieleza kila kitu kwa sauti yako ileile kubwa, na mzee wa watu akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimdondokea kwenye kofia.

Tunaokukumbuka ni mumeo, ambaye hadi leo hajalala upande wako wa kitanda, wanao, wa kuzaa na wa kulea, wakwe zako, wajukuu, wanawake wa chumba cha mbele, na shemeji yako, aliyeomba asiachwe nje ya tangazo hili.

Hatutakusahau, Mama, maadamu tuko hai.