Jino la Pembe

Manyatta, Kisumu
17 Novemba 1991

Kwako kaka yangu Oduor,

Amosi ahinya, nakusalimu sana, wewe na wifi yangu Lornah, na mtoto wenu Amolo ambaye naambiwa sasa anamjibu kila mtu. Natumaini baridi ya Nairobi haiwasumbui. Huku mvua imenyesha wiki nzima na Manyatta yote ni matope.

Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Zile fizi zilizokuwa zikitoka damu kila nikipiga mswaki, daktari alisema zimeoza ndani, zisipopasuliwa nitapoteza meno yote. Basi akanidunga ganzi, akakata, akasafisha, akashona kwa uzi. Nilirudi nyumbani shavu limefura, hata jirani yangu Nabwire akauliza ni nani amenipiga, aende amwonyeshe. Nilimjibu kwa kidole tu, nikimwonyesha mdomo.

Mama aliposikia hakungoja kuitwa. Alifika kutoka Asembo Bay na unga wa wimbi na mtama, akamwondoa Nabwire jikoni kwa heshima, akasema nyuka, uji wa mgonjwa, hupikwa na mama yake. Hunikalisha kitandani, hupuliza kijiko, hunilisha. Mtu mzima mimi, nina watoto shuleni! Lakini nakuambia ukweli, kaka, nafungua mdomo kama kifaranga na moyo wangu unafurahi.

Nikilala hapo nawaza siku zetu za utoto. Je, wakumbuka jioni mitumbwi iliporudi, Mama akitupikia samaki wa ngege na kuon, ugali wetu, sisi tukigombania kukaa karibu naye? Wakumbuka alivyokula kichwa cha samaki? Alikitia chote mdomoni, akakinyonya, kisha mifupa ikatoka mmoja mmoja kupitia lile pengo lake la chini, pale alipong'olewa meno sita alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu. Nyama nzuri alitutolea sisi. Wewe ulilia sana siku ulipojua kwamba meno yako mapya hayatang'olewa uwe kama yeye. Na alipocheka! Pengo lote lilionekana, na majirani walijua kwetu kuna furaha.

Halafu ukaenda Nairobi, ukapata kazi, na kabla ya harusi yenu ukampeleka Mama kwa fundi wa meno. Aliporudi na meno sita meupe, kijiji kizima kilikuja kumtazama. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Nilisema kama kuna mama aliyezaa, ni wetu.

Sasa nisikilize. Daktari aliniagiza nisukutue mdomo kwa maji ya moto yenye chumvi, na Mama ndiye anayeyatayarisha. Lakini chumvi ilikuwa ikiisha upesi mno. Nilidhani Nabwire anaazima bila kusema, hata nikaanza kumnunia bure, maskini. Juzi mchana niliamka kwenda uani, nikamkuta Mama nyuma ya jiko amenipa mgongo. Meno yako yalikuwa ndani ya kikombe. Yeye alikuwa akisukutua kwa maji yangu ya chumvi, na alipotema, niliona damu.

Nilimwomba afungue mdomo. Akakataa, kisha akakubali. Kaka, fizi zake ni mbaya kuliko zangu. Hayo meno yamemchubua tangu mwaka wa harusi. Ndiyo maana alituambia amechoka na samaki, mwanamke wa Asembo Bay, nasi tukamwamini. Ndiyo maana ukija na kumchinjia kuku yeye hunywa mchuzi tu, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Nilimuuliza kwa nini hakuyatupa ziwani. Akasema mtoto wake alimpa meno, je, mama humrudishia mtoto zawadi? Akaniomba nisikuambie, kwa sababu utaona amekudharau, nami nikaahidi.

Nimemvunjia ahadi, na sijuti. Shuleni mwalimu alitukaririsha methali kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, nikaiandikia insha nikasifiwa sana, wala sikujua inasema nini.

Nimemsihi twende wote kwa daktari wangu, lakini amekataa kuyatoa meno hayo kabla hujaja Krismasi, ukute mama yako anapendeza. Usingoje Krismasi. Njoo Jumamosi hii. Nitapika ngege, na wewe utamwekea kichwa kwenye sahani yake kwa mkono wako. Mwambie ayatoe. Akisikia hivyo kwangu atasema ni uchungu wa mdomo unaonisemesha. Wewe ndiye uliyempa, ni wewe tu unayeweza kumruhusu. Mwambie umelikumbuka pengo lake. Najua umelikumbuka, kwa maana hata mimi nimelikumbuka hadi nikalia.

Nisalimie Lornah, na Amolo mwambie shangazi atamjibu akipona. Nabwire naye anawasalimu, tumeshapatana.

Mama ameniona nikiandika, akauliza kama ni wewe. Anasema anakusalimu sana, wuode, mwanawe, na nikuambie yale meno uliyomnunulia bado ni mazima, hakuna hata moja lililovunjika.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Adero