Mizizi ya Vikapu

Baba Suzana,

Ugali uko ndani ya kapu, dagaa nimewafunika. Nimecheka tangu asubuhi, mbavu zinauma!

Mdogo wako Antoni ameshuka na meli kutoka Nansio. Mama yako anaulizia mizizi yake ya kutia rangi vikapu. Kumbe alitufungia hiyo badala ya ile dawa ya kuupa mwili kinga! Ndiyo tunayochemsha na kunywa tangu masika yaanze. Nami hii midomo myekundu nilidhani ni damu imeongezeka.

~~Sufuria imwage yote.~~ Nimekata hapo, usimwage. Mtaa mzima wa Igogo unapiga chafya, sisi mafua hata hatuyajui. Tena jioni balozi wetu wa nyumba kumi atapitia kikombe chake. Anasema kifua kimefunguka, jana kalima shamba la tawi la chama huku anaimba. Mpe, na usithubutu kucheka.

Suzana aoge kabla ya kula.

Nawahi meli nikamrudishie mama mizizi iliyobaki. Antoni anasema mama naye anakohoa vibaya, kwa hiyo nimembebea chupa nzima ya rangi yake mwenyewe.

Mama Suzana