Madam Hajafika Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mvi kichwa kizima — na leo nimeshinda nikicheza na mwanasesere wa mjukuu wangu Linda! Mke wangu, Mama Mose, angekuwepo angenicheka mpaka machozi. Hayupo, huu mwaka wa pili, na nyumba imenyamaza mno. Ochanda, fundi wa simu pale Keumbu, ndiye aliyenitilia app. Unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo, unapiga tena. Ukizifululiza, anatembea. Wangu nimemwita Madam: mkono mmoja kiunoni, mwingine Linda aliupoteza. Anatoka dukani kurudi nyumbani. Duka ni kibiriti, nyumba ni katoni ya viatu. Filamu yote ndiyo hiyo.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi bure. Sakafu yangu ni ya udongo. Nikipiga hatua meza inatikisika, Madam anaanguka kifudifudi. Nje nako upepo, halafu mvua. Jogoo akamdonoa jicho. Valarie, mke wa mwanangu Mose, akasema kwake kuna simiti na dirisha kubwa. Nikamkumbusha kwamba kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Akanijibu kwamba hata kwao Oyugis ni hivyo hivyo, ila dirisha halijakatazwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Basi mimi nje, kwenye kiti, kichwa dirishani. Yeye ndani, anamsogeza Madam. Kushoto! Hapana, kushoto kwake! Gladys, jirani, akipita na kikapu chake cha majani chai, akasimama kuuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia natengeneza filamu. Akasema pole, Mwalimu. Jua likaanza kutua, Sabato inaingia. Tukamwacha Madam mguu juu.

Jumapili, 10 Agosti

Madam palepale, mguu juu — muumini thabiti! Valarie alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia. Sijacheka hivyo tangu mazishi.

Jioni Mose kapiga simu kutoka Nairobi. Amepata nyumba, anataka mkewe na Linda wahamie kabla shule hazijafunguliwa. Ni haki yake. Nikasema vyema, mwanangu. Chai ikanishinda kunywa. Valarie akamwomba wamalize kwanza filamu ya Baba. Mose akakubali — mchezo wa wanasesere utachukua muda gani?

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna jambo. Madam hasogei! Nimemkaripia Valarie: mama Linda, huyu anakwenda nyumbani, si jela. "Ndiyo, Baba," halafu anamsogeza kiasi cha punje ya wimbi. Nimefundisha miaka yote hiyo, na sijui hapa nimekosea wapi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeona kwa macho yangu. Niliinama kuokota miwani. Kuinuka — Valarie anamrudisha Madam nyuma! Macho yakagongana. Akamweka Madam mezani, polepole.

"Akifika mlangoni tunaondoka, Baba. Wewe utacheka na nani?"

Nilipaswa kumwambia kwamba mke humfuata mumewe. Maharusi wangapi nimewahubiria hivyo kanisani! Nikafuta miwani. Nikaifuta tena.

"Umemrudisha kidogo mno," nikasema. "Ongeza."

Alhamisi, 21 Agosti

Naandikia hapahapa kitini, chini ya dirisha. Madam amekaribia tena dukani. Tumekubaliana kwamba alisahau chumvi.

Asubuhi Mose alituma ujumbe: shule zinafunguliwa Jumatatu, filamu imefika wapi? Nikampa Valarie simu aifunge mahali pake, tukaendelea na kazi. Mtoto ana haki ya kulala nyumba moja na babake, hilo nalijua. Nami nataka wabaki, hilo pia nalijua.

Sasa simu inaita. Ni Mose! Simu yenyewe iko ndani, imefungwa kwa kamba kwenye sufuria, inamwelekea Madam. Ukiibandua tu picha inahama, kila kitu kinaanza upya. Mimi siwezi kuingia. Valarie hawezi kuipokea bila ruhusa yangu.

Imenyamaza.

Inaita tena. Valarie amekuja dirishani, Madam mkononi, anauliza aipokee au aiache. Nimemwambia angoje kidogo, Baba bado anaandika —