Pedali ya Baba

Jumapili, tarehe 14 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi, kisha jua likatoka kabla sijamaliza kufagia uani.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi na mtoto, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, analala vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yake. Mimi niko na cherehani yangu kama unavyonijua, na chumba cha mbele kimejaa vitambaa mpaka wateja wanasubiri kizingitini.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa huacha yaliyo muhimu nikasema yasiyo na maana. Karatasi haikatizi. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Nianze na pedali, maana uliniuliza niliichaguaje nami nikakujibu juu juu. Unakumbuka kwamba kabla baba hajaanguka kutoka kwenye lori la bendi alikuwa na zile pedali zake nne alizozifunga kwenye ubao: moja ya mwangwi, moja ya kukwaruza, na mbili ambazo mpaka leo sijui kazi yake, kwa sababu hata yeye alikuwa akizipiga teke tu. Alizirukia huku na huku kama mtu aliyekanyaga siafu. Alipoanguka, mikono ilirudi yote, lakini mguu wa kulia haukurudi. Unaubeba mwili kwa shida, ila hausikii sakafu. Daktari alisema mshipa wa fahamu umeumia, na hakuahidi kitu.

Ndipo Chifu, kiongozi wao wa bendi, akasema atampa baba harusi moja ya kumjaribu, apige akiwa amekaa kwenye kiti. Ikishindikana, nafasi yake ataichukua Makelele, yule mpiga gitaa ambaye hata akikusalimia unatamani kupunguza sauti. Na wewe ukasema lako: ikishindikana, utakuja na gari mwisho wa mwezi umchukue baba akakae kwako, na gitaa liuzwe. Sikukulaumu. Tangu mama atutoke tuko wawili tu katika nyumba hii, na najua chumba ulichomwandalia ni kizuri. Lakini wewe hukumwona siku ile alipolifuta gitaa vumbi, akalipitishia kitambaa kila uzi, kisha akalirudisha ukutani bila kulipiga. Mimi nilimwona, na palepale nikaamua kwamba ile harusi moja atapiga, na atapiga vizuri.

Nilifikiri hivi: pedali nne ni nyingi mno kwa mtu aliyekaa. Anahitaji moja yenye sauti zote ndani yake, isiyo ghali, na rahisi kiasi kwamba mguu wa kushoto, ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo, uweze kuizoea. Nikachukua sandali za baba kwenye mfuko, nikaenda lile duka la vyombo vya muziki lililo juu ya duka la rangi. Muuzaji aliponiona navua viatu vyangu na kuvaa sandali kubwa kama mitumbwi, akaniambia, "Dada, viatu vinauzwa mtaa wa pili." Nikamjibu kwamba mwenye kuzivaa hakuweza kupanda ngazi zake, kwa hiyo nimezileta zenyewe zijichagulie.

Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa kubwa kama sinia, ina kioo kinachowaka na sauti zaidi ya mia. Nikamwomba anitafutie mwangwi. Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena, akasema ngoja kidogo, kisha akatoa simu yake akaanza kusoma maelezo. Nikamwambia bibi harusi ameshafika, amekaa, na sasa anakula. Ya pili ilikuwa ndogo, rahisi kwa bei kuliko zote, lakini vitufe vyake vilibanana hivi kwamba sandali ya baba ilivikanyaga vyote kwa pamoja, na nilipoikanyaga kwa haraka plastiki yake ikalia.

Ya tatu ilikuwa imeshatumika, imekwaruzika pembeni, na aliitoa chini ya meza kama mtu anayenionea huruma. Haina kioo. Ina vifundo vya kuzungusha kama redio ya zamani, na vitufe vitatu vya chuma vilivyoachana. Sauti unazipanga nyumbani kwa utulivu, unazihifadhi, na siku ya kazi kila kitufe kina sauti yake, unakanyaga basi. Nikafumba macho nikakanyaga, sikukosea. Nikachomoa waya wa umeme ukutani katikati ya sauti, nikauchomeka tena, nione kama itakumbuka ilipokuwa au itaanza upya. Ikakumbuka. Muuzaji akaniuliza kwa nini namfanyia fujo dukani, nikamweleza kwamba umeme wa harusini haujawahi kumaliza harusi. Bei yake ilikuwa sawa na ufundi wa suti mbili. Tulivutana, mpaka nikaona pindo la suruali yake limefumuka, nikatoa sindano nikamshonea amesimama hivyo hivyo, na bei ikashuka.

Mazoezi ya siku za mwanzo hayakwenda vizuri. Hayo nitayarudia mbele. Itoshe kusema kwamba nilirudi dukani kununua waya mrefu zaidi, na kwamba nilimshonea baba koti jipya la kijivu, kwa sababu lile la zamani lilimkaa kama gunia tangu apungue.

Harusi yenyewe umeshaisikia. Ile sauti niliyokutumia aliirekodi mke wa mpiga besi kwa simu, akiwa meza ya mbele, ndiyo maana kuna vijiko. Baba alikaa kwenye kiti karibu na spika, koti limemkaa sawasawa mabegani, na Makelele alikuja kusimama mlangoni amekunja mikono, anasubiri. Alisubiri sana. Umeme ulikatika katika wimbo wa tatu, jenereta likawaka, na gitaa likarudi na mwangwi wake ule ule kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwishoni Chifu akatangaza jina la baba kwenye kipaza sauti, watu wakasimama. Makelele alikuwa ameshaondoka.

Wewe ukapiga simu kesho yake. Nilikuwa karibu, nikasikia ulivyolia, nami sijakusikia ukilia tangu msiba wa mama. Ulimwambia baba kwamba mguu umerudi. Ulimwambia kwamba pale bibi harusi alipokuwa akiingia, katika ule wimbo wa polepole, alipoacha sauti laini ghafla ikakwaruza mara moja kisha ikalainika tena, pale ndipo alipokumaliza kabisa. Kisha ukasema kwamba maadamu mguu umepona, hakuna haja ya wewe kuja na gari. Apande basi peke yake mwisho wa mwezi, aje amwone mjukuu wake.

Tangu siku hiyo baba ametoa begi chini ya kitanda. Ameshaweka mashati mawili.

Kaka, mguu uliousikia ni wangu.

Pedali niliichagua vizuri, hilo silirudishi nyuma. Kosa langu ni kwamba nilichagua kwa kuangalia sandali, nikasahau kumwangalia mvaaji. Mguu wa kushoto wa baba una kazi yake. Ndio unaohesabu mapigo, na umekuwa ukihesabu tangu kabla sisi hatujazaliwa. Ukiuinua ukakanyage kitufe, hesabu inakatika, na hesabu ikikatika mikono nayo inapotea. Tulijaribu jioni baada ya jioni. Siku moja akaisukuma pedali kwa fimbo yake mpaka ikafika chini ya cherehani yangu, akasema nimrudishie muuzaji na suruali yake niifumue. Mimi nilikuwa nashona gauni la mteja. Yeye akaendelea kupiga kwa hasira, sauti ile ile moja, na nilipoona bega lake la kulia limepanda kidogo nikajua sasa anataka mwangwi. Nikanyoosha mguu nikakanyaga. Hakugeuka. Alipiga wimbo mzima hivyo, na mimi nikakanyaga wimbo mzima, na gauni la watu likasimama.

Mabega nayajua, ndiyo kazi yangu. Nikanunua waya mrefu ili pedali ikae nyuma yake, na lile koti nililikata kwa makusudi liwe na mshono mmoja katikati ya mgongo. Kabla hajataka kubadilisha sauti, bega hupanda na ule mshono hujivuta kulia. Harusini nilikaa nyuma yake juu ya sanduku la spika, peku, na taulo mapajani, na watu wakadhani ni binti anayemfuta baba yake jasho. Mpiga besi peke yake ndiye aliyeona. Alininong'oneza kwamba leo gitaa lina kichwa kimoja na miguu mitatu. Chifu naye nilimweleza mwenyewe siku ya pili, kwa sababu sikutaka aje kulisikia kwa Makelele. Aliuliza kama nitapatikana harusi ijayo, akaongeza kwamba nije na nguo inayofanana na za bendi.

Na pale ulipopasifia kuliko pote, palikuwa ni nzi. Alitua shingoni kwa baba, baba akapandisha bega, mimi nikakanyaga. Nilipogundua nikarudisha haraka. Baba aliniambia baadaye kwamba alitaka kunifukuza kazi, lakini watu wakapiga makofi, akaona aniache kwanza.

Nimekuandikia kwa sababu ya lile begi. Ngazi za basi baba haziwezi. Juzi alishuka kizingiti chetu hiki kimoja akidhani ameshafika chini, nikamdaka kwa kola. Lakini hawezi kukuambia, kwa sababu ulilia. Uliposema mguu umerudi alikujibu, "Upo, mwanangu, upo," na alipoikata simu hakunitazama. Sitakubali apande basi peke yake. Wala sitakubali umchukue ukamkalishe chumbani, hata kiwe kizuri namna gani, maana harusi aliyoahidiwa ameipiga, na ulichosikia kwenye ile simu ni mikono yake mwenyewe, kila uzi. Mimi nilikanyaga tu. Bendi imemwita tena, na nitakaa nyuma ya mgongo wake mradi ananihitaji.

Jana jioni nilimwambia kwamba nakuandikia yote. Alikasirika, akalishika gitaa, akapiga kidogo, nami nikajikuta nimenyoosha mguu bila kuulizwa. Alipomaliza akasema nikueleze kwamba hakudanganya, aliambiwa mguu umerudi, wala hakuulizwa ni wa nani. Nikamwambia hilo sitaliandika, lakini unaona nimeliandika. Kisha akauliza mimi nitafanyaje msimu wa sare za shule utakapoanza, nikiwa na kazi mpaka dirishani na harusi nazo ziko. Nikasema sijui. Akafikiri, akaliweka gitaa magotini, akasema:

"Mwambie aje na gari kama alivyopanga. Ana mguu mzito tangu utotoni, lakini nitamfundisha."

Basi njoo, kaka. Njoo na wifi na mtoto, babu amwone mjukuu hapa hapa nyumbani. Mashati nimeshayarudisha kabatini. Msalimie wifi, mwambie kipimo cha gauni lake bado ninacho ila aniambie ukweli kama kimebadilika. Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Baba anakusalimu, ingawa anajifanya amelala.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda posta: hakuna mvua. Jana niliikunja barua hii saa tatu kasoro, nikaweka kichwa kwenye mto, na saa tatu na dakika tano nilikuwa nimeshalala.