Benchi la Kupanda na Kushuka, Stesheni ya Manyoni

Dada Zainabu, shikamoo. Mimi mzima, ila situlii. Benchi la abiria nililochonga hapa nimeliegemeza juu ya gogo moja katikati: ukikaa peke yako linainama, mpaka mwenzako akae upande wa pili. Watu walifurahi, lakini mkuu wa stesheni, Mzungu, alifoka, "Fundi, livunje sasa hivi, au kazi huna!" Nikashika nyundo. Mara bibi mmoja Mgogo akaketi, akamwita, "Bwana mkubwa, njoo, naanguka!" Mkuu akaketi kwa aibu. Walipanda, wakashuka, mkuu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Benchi limebaki. Mimi nawashwa miguu kwa hamu ya safari, kesho nakwenda Itigi kuchonga jingine. Wabusu watoto, nimewakumbuka mno.

Mdogo wako, Juma