Shangazi Aliyechora kwa Makaa

Shangazi yangu uliyechoka sasa kusafiri,

Tulikuzika juzi, na leo nimelala mpaka jua likaingia dirishani. Ndiyo, nimelala! Usinicheke. Muda wote ulipokuwa unaumwa sikupata usingizi, na si kwa sababu ya kifo tu, maana mwenyewe ulisema dunia umeiona ukashiba. Niliogopa kaa.

Unajua ninachosema. Kwetu milimani Masisi, mwanamke akifa bila mume wala mtoto, wazee humwekea mkononi kipande cha kaa lililozimika. Ni kumwambia moto wake umeishia hapo, asirudi kusumbua watu. Baada ya hapo jina lake halitajwi nyumbani, wala hakuna mtoto anayepewa jina hilo. Nilisikia hayo nikiwa mdogo, siku Muzee, baba yako mdogo, alipokukuta uani kwetu mjini, Majengo, umepiga magoti juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, unachora mtumbwi kwa kaa kabla ya kupaka rangi. Lo, alivyoruka!

"Wee mwanamuke! Huna bwana, huna mutoto, na unashika makaa kila siku? Unajiitia mukosi!"

Wewe hata kichwa hukuinua. "Kama ni makaa, Muzee, muniwekee gunia zima. Nitapata kazi huko."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama hakucheka. Mama, wifi yako, hakuwahi kuchekea utani wako hata siku moja, na sababu yake ilikuwa mimi. Ukishuka tu kwenye lori la kahawa kule Birere, na suruali umeificha chini ya kitenge kwa kuwa enzi zile sisi masitwayeni, wanawake raia, serikali ilitukataza suruali, mimi niliacha sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye kinu, niliacha mchi, niliacha na Mama mwenyewe, mbio kukupokea. Ulinuka vumbi na rangi ya mafuta. Ulikuja na habari za Kisangani, Kigoma, Lubumbashi, hata Abijani ulikokwenda kwa ndege. Ulilala kwenye nyumba za watu na kuwachorea ukuta wa baa kuwashukuru. Kila mpaka waliuliza, "Bwana yako iko wapi?" nawe ukawajibu, "Iko mbele, ananingojea." Wakakupigia muhuri, ukapita, huku huyo bwana hajazaliwa bado!

Kisha unaniketisha, unanishikisha kaa. "Angalia kwanza. Mukono usitangulie macho." Siku moja tulimchora Mama akitwanga. Alikuja, akatazama, akasema pua yake si pana vile.

"Wifi, unaniharibia mutoto," akakuambia. "Unataka na yeye azeeke peke yake?"

"Peke yangu wapi, na huyu amening'ang'ania kwenye kitenge?"

Mama akarudi kwenye kinu, akatwanga kwa hasira. Siku mbili hamkusemeshana.

Basi juzi, Shangazi. Vijana walivunja mawe ya volkano kwa mitaimbo tangu asubuhi, unajua ardhi yetu hii isivyokubali kuchimbwa. Muzee alikuwa ameteremka kutoka Masisi, mzee sasa, anashikwa mkono. Nilimwona akitoa jani la ndizi lililokunjwa, na nikajua kilichomo. Nilikuwa nimejiapiza nitasema, "Mutoto wake ni mimi." Kwa sababu mtoto akitokea, hakuna kaa, mtoto ndiye anayemwaga udongo wa kwanza, mambo yameisha. Lakini Mama alikuwa amesimama pale, mzima, kando yangu. Kwetu, kujiita mtoto wa mwanamke mwingine mbele ya aliyekuzaa ni kumzika na yeye angali hai. Papa, baba yangu, ndugu yako, aliangalia viatu vyake. Muzee akaanza kulikunjua lile jani, na mimi nimesimama tu.

"Muzee, ngoja kwanza."

Nilidhani ni sauti yangu. Kumbe ni Mama.

"Huyu alikuwa na mutoto," akasema. "Ni huyu hapa. Mimi nilimuzaa, siwezi kukataa. Lakini nyinyi wote muliona alikuwa anamukimbilia nani."

Muzee akamtazama Papa, Papa akaitikia kwa kichwa. Yule mzee akalikunja jani lake polepole, akalirudisha mfukoni mwa koti.

"Basi mutoto apite mbele," akasema.

Nilipita, Shangazi. Nilimwaga udongo kwa mikono miwili, changarawe nyeusi tupu, nikalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Njiani kurudi Mama alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niolewe. "Alinichokesha sana, yule," akasema, na machozi yanamtoka.

Sasa nakuandikia na kikombe cha chai kimepoa hapa mezani. Huzuni ipo, sikufichi. Lakini moyo umeshuka mahali pake. Mama yuko jikoni na jirani, anamsimulia ulivyokuwa mkaidi, ulivyomkosesha raha miaka yote ile. Anakutaja kwa jina lako, Shangazi, kwa sauti kubwa, na milango yote iko wazi.

Lala salama huko mbele,

Mutoto wako