Mikeka Sebuleni

Dada yangu mpenzi,

Kijiji hiki cha wavuvi kinapendeza kuliko picha nilizokutumia. Chumba chetu kinatazama bahari, na samaki tunakula mpaka basi. Shemeji yako naye kajifanya mvuvi. Jana alfajiri alipanda boti na wenyeji, akanicheka eti naogopa maji.

Boti nyingine zote zimerudi. Yao bado. Wanasema injini huwa zinasumbua.

Mama mwenye nyumba, aliyenigombeza juzi kwa kuingiza mchanga sebuleni, leo kanioshea vyombo vyangu vyote. Majirani wananiletea chakula. Sasa wanatoa viti nje na kutandika mikeka. Nimewauliza kuna nini.

“Pumzika, mwanangu,” wakanijibu.

Njoo upesi, dada. Kila mkeka wanaoutandika, mimi naukunja.

Mdogo wako